Nyumba ya mbao yenye boriti za chuma: viwili hivi vikutane vipi?

Mjenzi_Mgeni ameuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Ninajiandaa kujenga nyumba ya ghorofa moja, ambayo chini itakuwa na sebule na jiko, na juu vyumba vya kulala. Ningependa sebule iwe wazi kabisa, mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta, pasiwe na nguzo hata moja katikati, na sehemu kubwa iliyobaki, yaani sakafu ya ghorofani, kuta za juu na paa, iwe ya mbao.

Nimekaa na mafundi wawili kwa nyakati tofauti. Fundi seremala ameniambia kwamba chuma hakina kazi katika nyumba ya mbao, na kwamba boriti nene ya mti itatosha kwa upana huo. Fundi wa kuchomelea naye amesema mbao ni za milango na fremu za madirisha tu, mifupa yote iwe ya chuma. Kila mmoja amevutia kwake, nami nimebaki na michoro miwili nisiyojua niushike upi.

Je, ni busara kuvichanganya? Na kama ni busara, chuma kikae wapi na mbao zikae wapi? Linalonitia hofu zaidi ni pale vinapokutana. Katika nyumba ya jamaa yangu kuna boriti ya chuma ambayo juu yake sakafu ya mbao imeinuka kama mgongo, kiasi kwamba meza haitulii, na hadi leo hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Nitashukuru kwa maelezo ya watu waliowahi kuifanya kazi hii, na naomba tusiingie katika ushabiki wa chuma dhidi ya mbao.

Seremala_Mstaafu amejibu:

Ndugu mwuliza swali, nianze na ule mgongo, kwa kuwa ukiuelewa huo umeelewa nusu ya jambo lenyewe. Ubao unaotoka msumenoni una maji mengi ndani yake, huendelea kukauka hata baada ya kuingizwa katika nyumba, na unapokauka husinyaa. Lakini hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, karibu haubadiliki kabisa. Kwa upana na unene hupungua kiasi cha kuonekana kwa macho. Kipimo tulichokuwa tukikitumia karakanani ni kwamba kila unyevu unaposhuka kwa asilimia 4, ubao hupungua asilimia 1 hivi ya upana wake. Sasa chukua ubao wa kubebea sakafu wenye kimo cha milimita 240, uliowekwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20, kisha ukakaukia ndani ya nyumba hadi asilimia 12: hapo umepoteza karibu milimita 5. Boriti ya chuma iliyo kando yake haijapoteza hata unywele.

Fundi aliyejenga nyumba ya jamaa yako, kwa vyovyote vile, siku ile aliiacha kazi ikiwa safi. Nadhani alizipachika mbao ubavuni mwa boriti yenye umbo la herufi I, zikalala juu ya bawa lake la chini, yaani ubapa wa chini wa hiyo I, akaziranda na kuzipima kwa pima maji mpaka migongo yake ikawa sawa kabisa na bawa la juu, kisha akapigilia sakafu juu ya vyote viwili. Usawa huo ndio uliomponza. Mbao zilipokauka zilishuka, chuma kikabaki palepale kilipokuwa, na sakafu ikaning'inia juu yake kama nguo juu ya kamba. Ilikuwa imtoshe kuziacha mbao zipite bawa la juu kwa milimita 10 hadi 15, sakafu isikiguse chuma, ili zinaposhuka ziwe na nafasi ya kushukia. Njia nyingine ni kuzilaza mbao juu ya boriti badala ya ubavuni, zikaegemea vivyo hivyo juu ya kuta za pembeni, na hapo sakafu nzima hushuka kwa pamoja bila mtu kutambua. Ila utapunguza kimo cha sebule, jambo ambalo wengi hawalipendi.

Kosa langu mimi lilikuwa chini, wala si juu. Miaka ya mwanzo nilitengenezewa viatu vya chuma vya kuvalisha nguzo za baraza, vyenye umbo la kopo, vimefungwa pande zote nne na kitako. Nguzo ziliingia kwa kubana kama kidole katika pete, nikafurahi sana. Mvua ikawa inateremka na uso wa nguzo, inaingia koponi, haina pa kutokea. Nilipoitwa tena, nguzo kwa nje ilikuwa nzima na rangi yake bado inang'aa. Nikachomeka bisibisi kidogo juu ya ukingo wa kiatu, ikazama hadi mpinini. Tangu hapo kila kiatu nilichokiagiza kilikuwa na bamba la kukalia lililoinuliwa juu ya zege, kimeachwa wazi pembeni, na bamba lenyewe lina tundu la kutolea maji. Chuma ni baridi na hakipumui, kwa hiyo maji yakishanaswa kati yake na mti, mti ndio unaoumia.

Kuhusu yule seremala wako, sitamlaumu sana. Boriti ya mti kwa mita 6 inawezekana, hasa ile ya mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja, lakini itakuwa na kimo kikubwa na itakula nafasi ya dari. Mwulize ana kimo gani kichwani mwake, na kama amekikokotoa au amekikisia.

Mhandisi_wa_Vipimo amejibu:

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema Mzee wetu Seremala, nami naomba niongeze upande wa mahesabu, kwa sababu swali la chuma kikae wapi hujibiwa na mzigo na upana.

Ukakamavu wa chuma cha ujenzi ni gigapaskali 200 hadi 210, na ule wa mbao laini za ujenzi, kwa kufuata nyuzi, ni 8 hadi 12. Kwa maneno mengine chuma kinakataa kupinda mara 20 hivi zaidi ya mti. Kwa upande wa uzito, mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850, ilhali ya mbao hizo ina kilo 400 hadi 600. Ndiyo maana chuma kinafaa pale penye upana mkubwa, kimo kidogo na mzigo mzito uliokusanyika mahali pamoja, na mbao zinafaa pale penye eneo kubwa na mzigo uliosambaa, kama sakafu, kuta na paa. Mita 6 za sebule yako, zikiwa zimebeba sakafu na kuta za ghorofani, ni mahali pa chuma. Sakafu yenyewe na paa ni mahali pa mbao. Sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo kwa nyumba ya ukubwa huo.

Ipo pia njia ya kati ambayo wajenzi wa karne ya 19 waliitumia sana, ya kubana bamba la chuma katikati ya mbao mbili na kuvikaza vyote vitatu kwa bolti. Watu wengi hudhani kwamba hapo mbao ndizo zinazobeba na chuma kinasaidia. Tufanye hesabu ndogo. Mbao mbili zina unene wa milimita 50 kila moja, na bamba lina milimita 10 na kimo kilekile. Kwa kuwa chuma ni kikakamavu mara 20, bamba hilo ni sawa na ubao wenye unene wa milimita 200, wakati mbao zote mbili ni milimita 100 tu. Basi bamba linabeba theluthi mbili za mzigo, na mbao theluthi moja. Kazi kubwa ya mbao ni kulizuia bamba lisipinde kwenda ubavuni na kumpa fundi mahali pa kupigilia misumari. Kadiri miaka inavyopita na mbao zinavyolegea chini ya mzigo wa kudumu, sehemu ya chuma huzidi kuongezeka. Yako mambo mawili hapa ambayo mafundi huyasahau. Kwanza, bamba liwe na kimo pungufu kidogo kuliko mbao, kwa sababu ileile ya kusinyaa. La sivyo chuma kitachomoza juu na kuibeba sakafu peke yake. Pili, ikiwa zinazolala ukutani ni mbao pekee, bolti za mwishoni ndizo zinazouhamisha mzigo wa bamba kwenda kwenye mbao, kwa hiyo zinahitaji kuwa nyingi kuliko zile za katikati.

Kuhusu bolti kwa jumla: Eurocode 5, ambayo ndiyo kanuni ya Ulaya ya majengo ya mbao, inataka tundu katika mti lisizidi kipenyo cha bolti kwa zaidi ya milimita 1, na washa, yaani kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati, iwe na kipenyo kisichopungua mara 3 ya bolti. Kwa bolti ya milimita 12, basi, washa iwe na milimita 36 au zaidi na iwe nene, maana washa nyembamba ya kawaida huzama katika mti kama sarafu katika tope. Na pale mzigo unapovuta kuelekea mwisho wa ubao, bolti ikae mbali na ncha kwa umbali usiopungua mara 7 ya kipenyo chake, wala usipungue milimita 80. Pia usipange bolti nyingi kukata upana wa ubao mkubwa kwenye bamba moja lisiloruhusu mwendo: ubao utataka kusinyaa, chuma kitaukataza, na utapasuka katikati kwa mstari ulionyooka. Matundu ya bamba yafanywe marefu upande ule ambao mti utasogea.

Sasa moto, ambao hukuuliza lakini lazima utajwe. Mti huungua, lakini huungua polepole kutoka nje, kiasi cha milimita 0.65 hadi 0.8 kwa dakika, na mkaa unaoundwa huukinga mti uliobaki ndani. Kwa dakika 30 boriti nene hupoteza milimita 20 hadi 24 kila upande uliofikiwa na moto, na kiini kinaendelea kubeba. Chuma hakiungui, lakini kikifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, na katika majaribio ya kawaida ya moto tanuri hupita nyuzi 800 ndani ya dakika hizohizo 30. Boriti ya chuma iliyoachwa wazi juu ya sebule ndiyo itakayoanza kulegea kabla ya mbao inazozibeba. Ifunikwe kwa bodi za jipsamu za kukinga moto, au izamishwe ndani ya mti. Jengo la Mjøstårnet nchini Norwei, lililokamilika mwaka 2019 likiwa na urefu wa mita 85.4, limeunganishwa kwa mabamba ya chuma yaliyofichwa katika nyufa zilizochongwa ndani ya maboriti makubwa ya mbao, na mti uliobaki nje ndio unaoyakinga mabamba hayo. Nyumba yako ni ndogo mno ukilinganisha, lakini wazo la kukificha chuma ndani ya mti unaweza kulichukua lilivyo.

Mwisho, mwambie mhandisi wako apige hesabu ya kuyumba, asiishie kwenye nguvu. Sebule iliyo wazi ina kuta chache za kuzuia upepo usiisukume nyumba kwa ubavu. Fremu ya chuma inaweza kuwa na nguvu za kutosha kabisa na bado ikayumba kiasi cha kupasua lipu. Kuta za juu zilizovikwa plaiwudi iliyopigiliwa vizuri husaidia mno.

Moto_na_Kutu amejibu:

Mimi ni fundi wa kuchomelea; si yule aliyeongea na mwuliza swali, lakini wa kazi ileile, na nakiri kwamba wengi wetu tukiona mbao tunaona kuni.

Nina mambo machache. Kuchomelea kote na kutoboa kote kwishe kabla ubao wa kwanza haujafika kwenye kiwanja. Cheche iliyoingia katika pumba za randa inaweza kukaa saa nzima bila moshi. Zaidi ya hapo, chuma kilichozamishwa katika zinki ukikichomelea baadaye unaiunguza zinki mahali hapo na kujivutia moshi wake wenye madhara kifuani. Kwa hiyo vipimo vyote vya mahali mbao zitakapofungwa viletwe karakanani mapema, boriti itobolewe, ichomelewe vibamba vyake, kisha ndipo izamishwe.

Juu ya boriti ya sakafu agiza ubao mmoja mrefu ufungwe kwa bolti kwenye bawa la juu. Seremala atapigilia kwenye ubao huo, na wewe hutasikia matusi. Ukiweka utepe wa mpira kati ya ubao huo na chuma, sakafu haitalia mtu anapotembea usiku. Ubao huo uhesabiwe katika vipimo alivyovieleza Mzee Seremala.

Na kutu. Mbao nyingi za nje hutiwa dawa yenye shaba ili mchwa na ukungu visizile. Shaba hiyo ikipata unyevu hula chuma. Misumari na bolti zenye zinki nyembamba ya kung'aa hazidumu humo. Zinatakiwa zilizozamishwa katika zinki iliyoyeyuka, au za chuma kisichoshika kutu. Msichanganye: kishikio cha zinki na skrubu isiyoshika kutu, mahali penye maji, zinki ndiyo itakayoliwa.

Bati_Nyembamba amejibu:

Samahani, mimi sioni kwa nini ajitafutie taabu ya kusinyaa na ukungu. Vyuma vyembamba vilivyokunjwa baridi, vya milimita 1 hivi, hujenga kuta na paa zilizonyooka, mchwa hawavili, na fundi mmoja hunyanyua kipande peke yake. Boriti nzito kwa sebule, vyuma vyembamba kwa kilichobaki, na mjadala umekwisha.

Seremala_Mstaafu amejibu:

Ndugu Bati, hoja yako ya mchwa ni ya kweli, na kama mwuliza swali anajenga mahali penye mchwa wengi aipime. Lakini amesema anapenda nyumba ya mbao, na mapenzi nayo ni sababu. Pia chuma hupitisha joto takriban mara 400 kuliko mti. Ukuta wa vyuma vyembamba bila safu endelevu ya kizuia joto kwa nje utachora mistari ya vyuma vyake ukutani, palipo na baridi, kwa unyevu na vumbi. Kila njia ina taabu yake, nasi tunamsaidia kwa ile aliyoichagua.

Mjenzi_Mgeni ameandika:

Nawashukuru sana wote. Nimeonana tena na wale mafundi wawili, safari hii kwa pamoja na mhandisi akiwapo, na tumekubaliana: boriti moja ya chuma juu ya sebule, nguzo zake mbili za chuma ndani ya kuta, na vilivyobaki vyote mbao. Seremala alipoulizwa kimo cha boriti yake ya mti alicheka tu.

Nina maswali mawili ya mwisho. Mchoro wa kwanza unaonyesha boriti hiyo ikiendelea kupita ukutani kwenda nje kubeba roshani. Je, hilo lina ubaya? Na la pili, nitajuaje kwamba mbao ninazoletewa zimekauka, ikiwa sina kifaa cha kupimia unyevu?

Mhandisi_wa_Vipimo amejibu:

Usiipitishe. Palipo na baridi ya nje, boriti hiyo itaipokea na kuileta hadi sebuleni, na mvuke wa jikoni utageuka matone juu ya chuma na kulowesha ncha za mbao zilizokiegemea, mahali ambapo hutaona chochote mpaka dari ianze kubadilika rangi. Palipo na jua kali shida ni ya kutanuka: chuma cha mita 6 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa milimita 2 hivi, na mwendo huo hutafuta pa kutokea katika lipu. Roshani ipe nguzo zake yenyewe, isimame kando ya nyumba, ifungwe ukutani kwa viungio vichache vyenye pedi isiyopitisha joto.

Seremala_Mstaafu amejibu:

La mbao halihitaji kifaa. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, angalau nusu mita kutoka nchani, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipime uzito papo hapo kwa mizani ya jikoni, kisha kikaushe katika oveni kwenye nyuzi 103, ukikipima tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Chukua tofauti ya uzito, igawe kwa uzito mkavu. Kikianza na gramu 460 na kuishia na gramu 400, tofauti ni 60, na 60 kwa 400 ni asilimia 15. Mbao hizo pokea. Kikianza na gramu 520 kikaishia na hizohizo 400, ni asilimia 30: zipange kivulini kwa vijiti vya kutenganisha, upepo upite katikati, na mwambie fundi asubiri. Fanya hivyo kwa vipande vitatu au vinne kutoka sehemu mbalimbali za shehena, si kimoja. Na baada ya mwaka wa kwanza ndani ya nyumba, kabla hujafunga dari kabisa au kwa kuacha vifuniko vya kufungulia, mwite fundi azungukie kila bolti kwa spana, kwani nyingi utazikuta zimelegea kwa robo mzunguko au zaidi.